Mbweha Asiyetajwa

 

Mwaka 1968 mwandishi na mchoraji wa Kiingereza, Pat Hutchins, alitoa kitabu cha watoto kiitwacho Rosie's Walk. Kina sentensi moja tu, maneno 32, na hata ukikisoma kwa madaha humalizi nusu dakika. Maneno yenyewe hayana makuu: kuku anatoka bandani, anakatiza ua, anazunguka bwawa, anapita hapa na pale shambani, kisha anarudi kwake chakula cha jioni kisimpite. Basi. Mtu akikusomea gizani utamuuliza, sasa hadithi iko wapi?

Iko kwenye picha. Nyuma ya kuku kuna mbweha. Anamnyemelea tangu mwanzo, na kila akiruka amkamate balaa linamwangukia yeye: mara amekanyaga reki, mpini umempiga usoni, mara ametumbukia bwawani, mara unga umemmwagikia mwili mzima, mwishowe nyuki wanamtimua. Kuku haonyeshi kujua lolote. Na maneno ya kitabu hayamtaji mbweha hata mara moja. Kwa hiyo mtu mzima anayesoma kwa sauti anaonekana ndiye asiyejua kinachoendelea, na mtoto aliye mapajani mwake, ambaye hajui hata herufi moja, ndiye anayeruka na kupiga kelele: "Yuko nyuma! Yuko nyuma!"

Ningeweza kuishia hapo, kwa maana ufundi wote wa kitabu cha picha umo humo. Maneno na picha vimegawana kazi. Mpiga udi katika taarabu harudii kila anachosema mwimbaji. Anamjibu, anamchokoza, mahali pengine anamsuta. Ndivyo picha inavyotakiwa kuyafanyia maneno, na mtoto ndiye hadhira inayosikia vyote viwili kwa pamoja na kucheka pale vinapopishana.

Vitabu vyetu vingi vya Kiswahili vya umri huu, nasema vingi, si vyote, havijagawana kazi. Maneno yanasema Asha amevaa gauni jekundu, ameshika ndoo, anakwenda kisimani. Picha inamwonyesha Asha, gauni jekundu, ndoo, kisima. Mtoto amepewa kitu kimoja mara mbili, na mara ya pili hana sababu ya kukitazama. Mchoraji aliletewa muswada uliokwisha kamilika, akaambiwa ajaze nafasi zilizobaki. Pengine hata muswada hakuuona, aliletewa orodha: ukurasa wa nne, mama na mtoto, ukurasa wa sita, ng'ombe. Chukua kitabu cha namna hiyo uangalie jalada. Jina la mwandishi limeandikwa kwa herufi za kuonekana toka ng'ambo ya barabara. La mchoraji ulitafute ndani, karibu na anwani ya kiwanda cha uchapaji, kama lipo.

Wala si kwamba wachoraji hatunao. Mchukueni John Kilaka, Mtanzania, anayechora kwa mtindo wa Tingatinga, ule ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Tingatinga naye alianza, kwa sadfa nzuri, mwaka ule ule wa 1968. Kilaka amekusanya hadithi za vijijini na kuzifanya vitabu vya picha. Katika kimoja, Panya peke yake ndiye anayejua kuwasha moto, na Tembo ndiye mwenye ghala. Njaa inapoingia Tembo anamnyima rafiki yake chakula, Panya anahama na ujuzi wake, na wanyama wote wanabaki bila moto. Katika kingine Sokwe anakwenda na samaki wake sokoni, na Mbwa anawaiba. Wanyama wake wamevaa nguo, tena nguo zenye rangi za kugombana, na ukitazama pembeni mwa picha utakuta vituko vidogo vidogo ambavyo maneno hayana habari navyo. Hicho ndicho kitabu cha picha. Lakini vitabu hivyo vilijulikana kupitia wachapishaji wa Ulaya na Amerika Kaskazini, kwa Kijerumani na Kiingereza. Mtoto wa Zürich anaweza kumkuta Panya huyo katika maktaba ya mtaani kwao. Mtoto wa Sumbawanga ana safari ndefu zaidi ya kumfikia, ingawa hadithi za namna hiyo zimetoka upande wake.

Kwa nini? Watu hupenda kujibu kwamba sisi hatusomi. Mimi jibu hilo limenichosha. Twendeni kiwandani.

Picha ya rangi huchapwa kwa rangi nne: samawati, waridi iliyokolea, manjano na nyeusi. Kila rangi ina pleti yake. Kutengeneza pleti hizo na kuitega mashine hadi rangi zikae sawa ni gharama ile ile, uwe unachapa nakala 500 au 50,000. Mwenye 50,000 anaigawanya gharama hiyo mpaka haionekani. Mwenye 500 inamkaa shingoni. Ndiyo maana wachapishaji wakubwa wa Ulaya huungana: picha zinachapwa mara moja kwa ajili ya nchi nyingi, halafu inabadilishwa pleti moja tu, ile nyeusi, ambayo ndiyo yenye maneno. Leo inatoka ya Kijerumani, kesho ya Kifaransa, keshokutwa ya Kidenmarki. Ukishajua hilo utaelewa kwa nini vitabu vya picha vinavyosafiri sana duniani maneno yake huwa meusi na yamekaa mahali peupe. Anayetaka maneno ya rangi amejifungia mlango.

Sasa, mchapishaji wa Dar es Salaam au Nairobi mara nyingi hana wa kuungana naye. Anachapa peke yake, kwa soko la wazazi ambao mwezi wa kwanza wamekwisha kamuliwa na sare, daftari na michango. Kenya wakaongezewa mzigo mwaka 2013, sheria mpya ya VAT ilipovitoza vitabu asilimia 16. Hata Wamarekani wamewahi kushindwa na gharama: kitabu cha Eric Carle cha kiwavi mwenye njaa, kile chenye matundu kwenye kurasa, kilipotoka mwaka 1969 ilibidi kichapwe Japani, kwa sababu hakukuwa na kiwanda cha Marekani cha kutoboa matundu yale kwa bei inayokubalika. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na mahali pa kukipeleka na soko la kukirudisha.

Palipojaribiwa kumtafutia mchapishaji soko la uhakika, vitabu vilionekana. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, na siri yake ilikuwa nyepesi: muswada ukipita, mradi unanunua sehemu ya nakala na kuzipeleka shule za vijijini. Mchapishaji anajua kabla hajawasha mashine kwamba hataozewa na mzigo. Sina dawa nyingine niliyoiona ikifanya kazi vizuri hivyo, na ningependa kusikia Wizara moja ikiiga kwa fedha zake yenyewe.

Lakini fedha hazielezi kila kitu, kwa sababu vipo vitabu vilivyopata fedha vikatoka butu. Hapa lazima tuseme juu ya lugha, na hasa juu ya mtoto anayefuata herufi kwa kidole, anayeanza kusoma mwenyewe.

Kiingereza kinamtesa mtoto kwa tahajia. Mwaka 1954 mwandishi John Hersey alilalamika katika gazeti la Life kwamba vitabu vya kuanzia kusoma Marekani vinachosha, na kutokana na malalamiko yale mchapishaji mmoja akampa Dr. Seuss orodha ya maneno mepesi, akamwambia atengeneze hadithi humo humo. Ikatoka ile ya paka mwenye kofia, mwaka 1957, maneno 236 tofauti. Baadaye, mwaka 1960, Seuss akabishana na mchapishaji wake kwamba anaweza kuandika kitabu kwa maneno 50, akashinda.

Mtoto wa Kiswahili hana ugonjwa huo. Kwetu herufi husema inachosema. Akishaijua "ba" leo, itakuwa "ba" mpaka anazeeka. Kinachomlemea ni urefu. Mtoto aliyezoea "baba" na "kuku" anageuza ukurasa anakutana na "hawajamwona". Silabi zote anazijua, moja moja. Lakini akifika mwisho wa neno, mwanzo wake umekwisha mtoka kichwani. Na vitabu vilivyotafsiriwa vimejaa maneno ya hivyo, kwa sababu mfasiri amepewa kijisanduku kilichopimwa kwa Kiingereza, na anabana humo "walipokwisha kumtafuta" kwa herufi ndogo kabisa. Mtafsiri hana kosa. Kitabu hakikuzaliwa katika lugha hii.

Basi kikizaliwa humu kinakuwaje? Shuleni tunajua: tunaanza na silabi. Ka, ke, ki, ko, ku. Halafu tunatunga sentensi za kufanyia mazoezi, na sentensi zile zina ukavu wake. "Kuku ana kiko." Mmewahi kusoma sentensi kama hiyo. Mwalimu anaiandika ubaoni kwa sababu silabi zake zinafaa, darasa linaitikia, hakuna anayeuliza kuku kapata wapi kiko.

Lakini hebu mpeni mchoraji. Ukurasa wa kwanza: "Babu ana kiko." Picha, babu amesinzia kibarazani, kiko kinamponyoka. Ukurasa wa pili: "Kuku ana kiko." Picha, kuku yuko juu ya paa la makuti, kiko mdomoni, anatazama kijiji chote kwa dharau kama mwenyekiti wa mtaa. Ukurasa wa tatu: "Babu ana kuku." Picha nawaachia nyinyi, naona kuna msikilizaji ameshaweka sufuria jikoni, na kuna mwingine anataka babu na kuku wakae kibarazani pamoja wapatane. Maneno manne tofauti, jamani. Dr. Seuss alitumia 50 akashangiliwa. Mtoto wa miezi mitatu shuleni anaweza kusoma kitabu hicho chote peke yake, akamsomea mdogo wake, akabishana naye juu ya kuku.

Tazameni tena zawadi nyingine tuliyo nayo. Kipande "ana". Mtoto akishakitambua mara moja, nusu ya ukurasa ameshaisoma: anakula, anaruka, analala. Usimchanganyie katika kitabu kimoja "alikuwa akila", "amekwisha kula" na "angekula". Mwachie "ana" yake aisikie ikirudi kama kibwagizo. Na kwa mtoto anayesomewa, kuna "ka" ya masimulizi, ile tuliyoirithi kwa mabibi. Akaenda, akaona, akavuta. Mimi naamini "ka" iliumbwa kwa ajili ya kufunua kurasa. "Paka akaona kamba. Akaivuta." Funua: kamba ile ni mkia wa ng'ombe. "Akakimbia." Neno "mkia" halimo, "ng'ombe" halimo. Mchoraji amelipwa kazi yake, mtoto naye amegundua jambo ambalo hakuambiwa.

Najua kuna msikilizaji tangu dakika tatu zilizopita anatikisa kichwa. Kiko! Huo ni mfano gani kwa mtoto? Kuvuta tumbaku?

Huyo ndiye niliyekuwa namngoja. Ukitaka kujua kwa nini vitabu vyetu vya watoto vinafanana, mtafute huyo mtikisa kichwa. Mara nyingi amekaa kwenye meza ya kuidhinisha. Kwa miaka mingi mchapishaji wa vitabu vya watoto Tanzania amekuwa akitazama ithibati, yaani idhini ya kitabu kutumika shuleni, na wa Kenya amekuwa akitazama orodha ya KICD, taasisi ya kukuza mitaala, kwa sababu mnunuzi mkubwa ni shule. Mwandishi naye si mjinga. Anaandika kwa ajili ya jicho litakalomsoma kwanza, na jicho hilo linatafuta funzo. Kwa hiyo sungura hawezi kuwa mjanja tu kama alivyokuwa kwa bibi. Lazima mwishoni ajute. Mtoto mtukutu lazima avunjike mguu. Na ukurasa wa nyuma kuna maswali: Hadithi hii inatufundisha nini? Taja tabia tatu njema za Juma. Mtoto wa miaka minne anafanya mtihani wa maadili kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Sisemi hadithi zisiwe na adabu. Hadithi ya Panya na Tembo niliyoitaja ina funzo la kutosha kulisha kijiji, lakini halikubandikwa mwishoni. Limo kwenye giza la wanyama waliobaki bila moto, na mtoto analiona bila kuulizwa. Kadhalika Sungura na Fisi. Waliotusimulia hawakutupa maswali matatu. Walisema hadithi imeishia hapo, tukalale.

Sasa nije nyumbani, kwa kuwa si kila kitu ni cha Wizara na mchapishaji. Mtu akinunua kitabu cha picha mara nyingi humpa mtoto na kusema, haya kasome. Mtoto wa miaka mitatu hasomi. Kitabu hicho kiliandikwa kwa ajili ya watu wawili, mmoja mkubwa, mmoja mdogo. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wao kuhusu watoto wa miaka miwili na kidogo ambao wazazi wao tayari walikuwa wakiwasomea. Nusu ya wazazi walielekezwa jambo dogo: wasisome moja kwa moja, wasimame wamuulize mtoto maswali ambayo hayajibiki kwa ndiyo au hapana, wayachukue maneno ya mtoto na kuyaongeza. Wengine waliendelea kusoma kama kawaida yao. Ulipopita mwezi mmoja, watoto wa kundi la kwanza walikuwa wamewatangulia wenzao katika kuzungumza. Mwezi mmoja tu, na vitabu ni vile vile.

Kwetu jambo hilo linapaswa kuwa rahisi kuliko kwao, kwa maana msimuliaji wetu tangu zamani hakukubali msikilizaji bubu. Ukiitwa "paukwa" unaitika, usipoitika hadithi haiji. Lakini mkononi tukishika kitabu tunageuka walimu: "Hii nini? Na hii? Sema vizuri." Badala ya hapo jaribu: "Huyu anatafuta nini hapa?" Au, "Ungekuwa wewe je?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Mtoto anachukua muda wake.

Na hapa nataka kumtetea mtu mmoja ambaye huwa tunamruka: bibi asiyejua kusoma. Katika nyumba nyingi yeye ndiye anayeshinda na mtoto mchana kutwa, na kitabu kinafichwa juu ya kabati hadi baba arudi usiku, amechoka, hataki habari. Mpeni bibi kitabu. Kitabu cha picha kilichochorwa sawasawa hakimfungii mlango. Ataangalia picha atasimulia, na pengine atasimulia vizuri kuliko kilivyoandikwa, na kesho atasimulia vingine. Mtoto atajifunza kwamba kitabu kina mbele na nyuma, kwamba kurasa zinafunuliwa kwa mpango, kwamba humo ndani mna mambo. Mwalimu wa darasa la awali atamshukuru bibi huyo ingawa hatajua kamshukuru nani. Vipo vitabu visivyo na neno hata moja, na vingetufaa sana huku. Sielewi kwa nini wachapishaji wetu wanaviogopa. Pengine wanahofia mnunuzi atasema amepunjwa.

Kama fedha ya kitabu haipo kabisa, kuna mahali pa kuanzia. Mwaka 2014 shirika la Saide la Afrika Kusini lilifungua maktaba ya mtandaoni iitwayo African Storybook, yenye hadithi fupi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na unaruhusiwa kuzishusha na kuzichapa bure. Nasema wazi, ubora wake unapanda na kushuka, kwa kuwa watu wa kila aina wameandika na kutafsiri humo. Zisome kwanza wewe mwenyewe. Chagua mbili zenye picha za kuongea, zichape kwenye kibanda cha steshenari, kunja katikati, piga pini au shona kwa uzi. Huku pwani uzi ni bora, pini zinaota kutu.

Na mwenye fedha akienda dukani, afanye hivi kabla hajalipa. Fungua kitabu katikati, funika maneno kwa kiganja, tazama picha kurasa tatu mfululizo. Kama unajua kuna jambo linatokea, na unataka kujua litaishaje, vizuri. Sasa funika picha, soma maneno peke yake, kwa sauti, hata kama muuzaji anakukodolea macho. Kama maneno hayo yamekwisha kukueleza kila kitu kilichokuwa kwenye picha, kirudishe kwenye rafu uchukue kingine. Muuzaji atakuletea kile cha maswali nyuma, atakwambia hiki ndicho wazazi wanakichukua. Mwambie mjukuu wako ana miaka minne na mtihani wake bado.